Wa Tatu Kutoka Kushoto

Meneja alitaka miti. "Fundi, funika mashine zote hizo. Weka vilima na miombo, wageni wapumzishe macho."

Mashine hizo nilizichora mwenyewe, ukuta mzima wa mbele wa kiwanda cha pamba hapa Igunga, pamoja na wafanyakazi wanane. Nilijua anayetakiwa kufunikwa ni mmoja tu: Nurdini, wa tatu kutoka kushoto, ambaye mashine ya kuchambua pamba ilimvuta msimu uliopita.

Kijani kilikuwa kimemfika kifuani niliposikia salamu nyuma yangu. Alikuwa mke wa Nurdini. Eda yake ilikwisha jana.

"Nisamehe, shemeji," nilisema. "Nimetumwa tu."

Alikuwa akilitazama kovu dogo juu ya nyusi ya Nurdini, nililolichora kwa njiti ya kiberiti.

"Walimleta sanda imeshafungwa," alisema. "Niliomba nimwoshe, wakasema hakuna cha kuosha. Nikaomba walau nimwone uso. Wakatazamana."

Brashi ilikuwa inanidondokea rangi kwenye kiatu. Sikuisogeza.

Alichovya pembe ya ushungi wake kwenye ndoo yangu ya maji, akaanza kumpangusa vumbi la pamba. Alianza na paji la uso, akaja mashavuni, akamaliza kidevuni, taratibu, midomo ikimchezacheza.

Meneja alitoka ofisini. "Fundi, kuna nini hapo?"

Mwanamke hakugeuka. Alininyooshea mkono.

"Nipe hiyo brashi," alisema. "Uso nitamfunika mwenyewe."