Mapigo ya Asubuhi

Kila asubuhi kabla ya mazoezi, kocha humshika Kristiana kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo ya moyo. Kwa kawaida huwa arobaini na mbili.

Leo ni sabini.

"Hukulala?"

"Nimemuota mama. Nipe simu nipige nyumbani Milepa, mwalimu."

Simu za wakimbiaji kocha alizikusanya mwenyewe, ili watulie kambini hadi mbio za Jumapili.

"Nyumbani wote wazima," akasema. "Niliongea na kaka yako juzi."

Kristiana akageuza mkono, akamshika kocha palepale kwenye mshipa, kama alivyofundishwa. Akahesabu kimya huku upepo wa baridi ukitikisa mabati.

Mia na kumi. Akamwachia.

"Wamemzika lini, mwalimu?"