Limau Changa

Wakufunzi watatu wa chuo cha udaktari walimuuliza Zamda swali alilolingojea: kwa nini anataka kuwa daktari. Jibu alilokaririshwa na mwalimu wake, la kuwasaidia wanyonge, lilikuwa tayari mdomoni. Halikutoka.

"Nilimwosha mama yangu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mchele. "Kwetu mwanamke akifa huoshwa na wanawake wa nyumbani kwake. Nilipopitisha kitambaa kifuani nikakuta uvimbe, mgumu kama limau changa. Shangazi akaniambia, 'Endelea kuosha, mwanangu. Sisi tulijua.'"

"Na hospitali hakwenda, binti?" aliuliza mwanamume aliyeketi katikati.

"Alikwenda na shangazi. Alikaa kwenye foleni mpaka zamu yake ikafika. Akachungulia mlangoni, akaona daktari ni mwanamume. Akarudi nyumbani kupika."

Mwanamume yule akaitazama kalamu yake. Kisha akafunga faili lake.

Zamda akaaga, akatoka. Barabarani vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa bado vimekunjwa, kama vya mtu aliyeshika tunda dogo na hajui pa kulitua.