Mbawakawa Aliyetulia

Kwa mara ya tisa, mbawakawa yule yule alipandishwa juu ya jani la boga kwa ncha ya sindano. Alikuwa mdogo kama punje ya ufuta, na alikuwa amekufa.

Mama alichutama nyuma ya jiko, akasogeza simu, akapiga picha. Moyo ukamsuta. Kumdanganya mgonjwa asiyeinuka kitandani, hilo Mungu analiandika ukurasa gani?

Mumewe, mwalimu mstaafu, aliwapenda wadudu hao maisha yake yote. Miguu ilipomgomea, alimwomba mkewe awe anakwenda kila asubuhi kwenye pori la ng'ambo ya kijito, ampigie picha ya mbawakawa mmoja tu, aliye hai. Wiki ya kwanza alikwenda kweli. Alipiga magoti kwenye umande mpaka nguo zikalowa chepechepe, na wadudu wakamtoroka. Kisha akamwokota huyu dirishani. Tangu hapo saa ya porini aliimalizia kwa shoga yake jirani, wakishona na kucheka. Kicheko hicho ndicho kilichomchoma zaidi.

Na mzee wa watu hakushuku kitu. Huiweka simu karibu iguse pua, huuliza kwanza mdudu amekaa juu ya jani gani, ndipo amsifu. Jana alitania kwamba akiletewa nzi atamjua tu, kwa kiherehere chake.

Leo mama aliazimia kutubu. Alipotoka kwa shoga yake aliingia moja kwa moja chumbani, akamkabidhi mumewe simu bila hata kuitupia jicho, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Baba watoto, nina neno."

"Ngoja kwanza nimshibe huyu. Yuko kwenye jani gani?"

"La boga."

"Ee, namwona. Mgongo wake unang'aa kama umepakwa mafuta. Na anataka kukimbia huyu, cheki miguu." Akatabasamu. "Unajua, mama, ukitoka huko porini unarudi na sauti nyingine. Kesho nenda tena, usikae na mimi tu humu ndani."

Machozi yakamlengalenga. Akanyoosha mkono aichukue simu, amwonyeshe ile miguu iliyokunjamana ya maiti, yaishe.

Kioo kilikuwa cheusi tii. Chaji ilikuwa imekwisha kabla hajaingia chumbani.