Magoti ya Kukodi

Orville Tuttle alipiga magoti hata kabla mwanamke hajafunga mlango. Uso wake mzima ulikuwa umejaa krimu ya keki, na chini ya krimu ile uliwaka kwa aibu. Alikwisha kuanguka ngazini, dirishani na ndani ya pipa la samaki, mbele ya kamera na watu kibao pale Hollywood, na hakuona haya hata siku moja. Leo aliona.

Robo saa nyuma alikuwa amekaa nje anakula mkate wake na yai, wenzake wameenda kula, ndipo Desmond Farley akamjia mbio, kalowa jasho. Desmond ndiye aliyekuwa nyota. Orville alikuwa akianguka badala yake. Suti moja ya mirabaraba, masharubu yaleyale ya bandia, urefu uleule. Kamera ikikaa mbali kidogo, hakuna anayejua nani ni nani. Wiki ile walikuwa wakipiga kichekesho cha mume anayepotea chumba hotelini, akalala kitanda cha mke wa mtu. Watu hupenda sana kuwacheka waume wa namna hiyo.

"Imogene yuko getini," Desmond alisema. "Ameiona picha gazetini, mimi na yule binti mcheza dansi. Nisipomlainisha sasa hivi anakwenda Reno kudai talaka, na wanangu ndiyo basi tena."

"Sasa si umfuate, bwana? Mkeo huyo."

"Nitacheka. Wewe unanijua, nikibanwa hucheka. Nenda wewe, ndugu yangu. Jipake krimu, atadhani umetoka kwenye kamera sasa hivi. Piga magoti, lia kidogo, usiseme kitu. Kuanguka badala yangu si ndiyo kazi yako?"

Kazi yake ilikuwa hiyo, kweli. Na nyota akinung'unika neno moja ofisini, kesho hukanyagi studio. Orville akajipaka krimu, wakaingia chumba cha kuvalia cha Desmond, na Desmond mwenyewe, mtu mzima na akili zake, akajitia ndani ya kabati la nguo.

Mwanamke aliingia na lile koti la manyoya ya kijivu ambalo studio nzima inalijua, na kofia yenye utaji mweusi uliomfika kidevuni. Orville hakuwahi kumwona kwa karibu. Wake za nyota hawasimami kuamkiana na watu wa kuanguka.

Hakusalimu. Alimpiga kwa mkoba, mara mbili, na mara zote mbili mkoba ukatua kwenye nyama ya bega, pale pasipouma. Orville akadhani ni huruma, akazidi kujichukia. Kisha mwanamke akanyakua chombo cha maua, kikampita sikioni, kikavunjikia ukutani. Kisha yeye mwenyewe akaenda chini, kama aliyezimia.

Alianguka vizuri, bega kwanza, bila kutanguliza mkono. Orville aliliona hilo, akajilaumu kwa kuliona. Mke wa mtu anakufa kwa uchungu, na wewe umekaa unapima anavyoanguka. Mtu gani wewe?

Ndani ya kabati kitu kikafanya kwikwi. Desmond alikuwa anacheka.

"Watoto hawalali, Des," mwanamke alisema, kitambaa kimeziba mdomo, sauti imekwaruzika kwa kilio. "Mdogo ananiuliza baba anakaa nyumba gani siku hizi. Nimjibu nini? Nifundishe wewe."

Orville akainamisha kichwa. Mwanamke akageukia saa ya ukutani. Ilikuwa mara ya tatu kufanya hivyo, na Orville alielewa: hata kumtazama hakutaka, na nani angetaka.

"Sikuja kugombana. Sema tu unatutaka au hututaki." Akamshika mkono. "Ukisema unatutaka, nitakuamini."

Heri angempiga tena. Kupigwa Orville alikuzoea. Kuaminiwa kwa uso wa kuazima hakukuzoea. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ikaishia pale. Akajifuta krimu kwa mkono wa suti mpaka ngozi ikaonekana.

"Mama, nisamehe. Mimi siye mumeo. Naitwa Orville, mimi ndiye huwa naanguka badala yake. Mwenyewe yumo kabatini. Nimeona aibu, mama, siwezi kuendelea."

Kabati likafunguka. Desmond akatoka katikati ya makoti, kicheko kimeshamkauka, akapiga magoti yeye mwenyewe mara hii, pembeni ya Orville. Machozi yalikuwa ya kweli.

"Imogene, mke wangu, nimekosa. Ninawataka. Wewe na watoto, ninawataka. Nisikilize tu."

Mwanamke akaitazama saa mara ya mwisho. Saa nane na dakika tano. Akasimama, akakung'uta koti, akaufunua utaji. Orville hakuijua sura ile. Wala Desmond hakuijua.

"Naitwa Hattie, bwana Farley," alisema, bila kumtazama usoni, maana naye alikuwa na haya zake. "Zamani Mama Imogene alipokuwa akiigiza, mimi ndiye niliyekuwa nikianguka badala yake. Saa hizi yumo kwenye treni ya Reno, yeye na watoto. Imeondoka saa nane kamili. Nilimwambia utanigundua mara tu nikianza kulia. Akasema nisiwe na wasiwasi, kilio chake hujawahi kukisikiliza."