Mwangwi Mmoja kwa Kila Nyumba

Kila asubuhi, kabla ya kuchanganya nyimbo za wateja, Tunu alisema "Hodi" kwenye maikrofoni, na spika zikamrudishia sauti yake ndani ya mwangwi uliorekodiwa jikoni kwa marehemu mama yake. Kuta za siku hizi, zilizofunikwa sponji, zilimeza kila sauti, na sheria iliruhusu kila nyumba ihifadhi mwangwi mmoja tu.

Leo sauti ilirudi ngeni.

"Shomari! Jiko la mama liko wapi?"

Mumewe alisimama mlangoni, vipande vya puto mkononi. Nyuma yake, sponji zote za ukutani zilikuwa zimebanduliwa.

"Nimepasua puto ili mlio wake uamshe mwangwi wa sebule yetu, nikaurekodi. Wa mama utafutwa adhuhuri, kwa sheria. Ukitaka, naurudisha."

"Bila hata kuniuliza, we mwanamume?"

"Ningekuuliza, ungekubali?"

Tunu akacheka bila kutaka, na kicheko chake kikazunguka sebule nzima. Alijaribu kukumbuka kilivyosikika jikoni kwa mama, hakikumjia vizuri. Akagusa kitufe cha kurudisha, kisha akaondoa kidole.

"Hodi," akasema taratibu.

"Karibu, mke wangu," Shomari akajibu. "Tangu tuoane nakungoja utoke jikoni kwa mama, uhamie hapa."