Bangili ya Bi Kibibi

Siku hizi mja mzito haumwi. Jamaa yake huvaa bangili na kuumwa badala yake, mpaka mtoto aache kunyonya. Kipandauso cha Mwatumu, kile kinachochoma nyuma ya jicho moja kama msumari wa moto, alikibeba mama mkwe wake, Bi Kibibi.

Mimba nzima Mwatumu alilala fofofo. Asubuhi alimkuta Bi Kibibi jikoni, jicho moja jekundu, likichuruzika machozi.

"Vitunguu tu, mwanangu."

Jikoni hapakuwa na kitunguu.

Leo Bi Kibibi aliuliza taratibu, "Mjukuu wangu bado ananyonya?"

"Bado, mama," Mwatumu alijibu, haya imemjaa usoni.

Akaingia chumbani, akatoa chupa ya maziwa aliyokuwa akiificha chini ya mto tangu mtoto alipoacha ziwa, akasema kwa sauti ili asikike hadi jikoni, "Nyonya, mwanangu, nyonya."