Nati ya Mkiani

“Mkia mzima,” alisema fundi mwanafunzi akishuka ngazi iliyosimamishwa kando ya ndege, huku akijifuta grisi mikononi. “Sijaona kosa.”

Mwalimu alimtupia jicho mkaguzi, mama wa miwani aliyeketi pembeni na kalamu yake, kisha akamgeukia tena binti.

“Una hakika? Kifuniko cha chini umekifungua?”

“Nimekifungua. Nati nimeishika kwa mkono, na pini yake pia. Imekaza, Mjomba.”

“Hapa ndani hakuna mjomba.”

Mjomba alikuwepo, tena moyo ulikuwa unamwuma. Huyu alikuwa mtoto wa dada yake, amekulia nyumbani kwake, na leo ndiyo mara yake ya mwisho kuruhusiwa kufanya mtihani. Akianguka, leseni ya ufundi wa ndege ataisikia kwa wenzake. Sheria haikumruhusu Mwalimu kumtahini ndugu yake bila mtu wa nje kushuhudia, ndiyo maana mkaguzi alikuwa ameletwa.

Msimamizi wa karakana alipita na kikombe cha chai, uso wote tabasamu.

“Sakafu umeionaje, mama? Unajiona mpaka meno. Jana mchana tulihamisha kila chenye magurudumu, alfajiri tukakirudisha. Vijana hawataki hata kunisalimia.”

Mkaguzi alimtazama tu, na msimamizi akaona heri aende na chai yake.

Mwalimu alikuwa bado ameukodolea macho mkia wa ndege. Kosa lilikuwepo. Alikuwa amelitega mwenyewe jana jioni, kama anavyofanya kila mtihani, ila safari hii mahali ambapo hajawahi kupagusa: alilegeza nati inayoshika bawa dogo la mkiani, akachomoa na pini inayoizuia isizunguke. Ni mahali ambapo rubani hapaoni anapoizunguka ndege yake kabla ya safari. Hapo ni macho ya fundi peke yake. Nati ile ikiachia angani, rubani atavuta usukani mpaka achoke, na ndege isimsikie.

Jioni ile taa za upande ule zilikuwa zimezimwa, maji ya waosha sakafu yasije yakafika kwenye nyaya, lakini Mwalimu hakuhitaji taa. Wenzake walimwita Bwana Pini, wala si bure, maana hata harusini hakai mpaka akague miguu ya kiti. Alipapasa hadi kwenye ndege ya ukutani, akapanda, akafanya kazi yake kwa vidole, akaenda zake nyumbani.

Ndege za karakana ile zilikuwa mbili, nazo waliziita Kurwa na Doto, kwa kuwa zilitoka kiwanda kimoja na zilipakwa rangi moja. Doto ilikuwa imestaafu, ikakaa ukutani kufundishia. Kurwa ilikaa karibu na mlango, na bado ilibeba abiria.

“Umeshindwa,” alisema Mwalimu.

Binti aligeuka kuutazama mkia. “Basi nionyeshe hilo kosa.”

“Wenzako wanasubiri nje. Hakuna anayeonyeshwa mpaka wote wamalize.”

“Ndivyo taratibu zinavyosema,” mkaguzi alidakia, na kalamu ikaandika.

Mwalimu angeweza kumpitisha. Nani angejua? Wazo hilo lilimjia, akalifukuza. Fundi anayeshika nati iliyolegea akasema imekaza ataua watu, alijiambia, na damu isiingizwe kwenye jambo kama hilo.

Binti alivua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye ngazi.

“Naenda kwa mama. Kurwa inaondoka sasa hivi, nafasi haikosekani.”

“Utamwambia nini?”

“Nitajua nikiwa njiani.” Akatoka bila kuaga.

Mwalimu alitamani kumwita, lakini mkaguzi alikuwa anamtazama, na mtahiniwa wa pili alikwisha kuingia.

Wa pili alikuwa bwana mtu mzima, mwepesi wa mzaha siku zote. Leo hakutania. Alipanda, akakaa huko muda mrefu, akashuka.

“Mkia hauna neno, Mwalimu.”

Mkaguzi aliandika. Nje injini iliwashwa, vioo vya madirisha vikaanza kutetemeka.

Wa tatu alikuwa hodari wa darasa, ambaye Mwalimu mwenyewe alikuwa akimtolea mfano. Naye alifungua kifuniko, akapapasa, akamulika kwa tochi, akapapasa tena. Aliposhuka alikuwa na mashaka usoni, kama mtu anayeogopa kumvunjia mkubwa heshima.

“Samahani, Mwalimu. Naona iko sawa.”

Ngurumo ilipanda huko nje, ikapita juu ya paa, ikaanza kufifia. Mkaguzi alisubiri ipungue ndipo akavua miwani.

“Darasa zima, Mwalimu? Ama umewafundisha nini, ama umetega nini? Hebu nionyeshe mimi.”

Mwalimu alipanda ngazi na hasira zake. Alikuwa ameshayapanga ya kuwaambia wote watatu, na la mpwa wake ndilo lililokuwa kali kuliko yote. Akaingiza mkono chini ya mkia, pale pale, akaikamata nati na kuizungusha.

Haikuzunguka.

Aliomba tochi. Pini ilikuwa mahali pake, miguu yake imekunjwa, na juu yake rangi ya zamani imeganda bila hata mkwaruzo, rangi ya kitu ambacho hakijaguswa na spana kwa miaka.

“Vipi?” aliuliza mkaguzi kutoka chini. “Kosa liko wapi?”

Kila chenye magurudumu, Mwalimu alikumbuka, na alfajiri kikarudishwa. Aligeuza shingo kuelekea mlangoni, mahali pa Kurwa palipokuwa patupu, na mbali angani akaisikia bado, ikimpeleka mpwa wake kwa mama yake.